Bima ya afya Mlingotini: Hesabu nauli kabla ya kulipia kadi

Kadi ya bima ya afya ni bidhaa, na thamani ya bidhaa hiyo hutegemea mahali mnunuzi anapoishi. Kadi inayomfaa mkazi wa Upanga, Dar es Salaam, inaweza kumtia hasara mkazi wa Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichoko kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kinacholeta tofauti ni nauli.

Biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake tangu 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Wateja wakubwa wa bima binafsi ya afya ni waajiri wa mijini, na hospitali nyingi zenye mikataba na kampuni hizo ziko huko huko. Mnunuzi wa kijijini huletewa karatasi yenye ada na ukomo wa matibabu kwa herufi kubwa, na orodha ya hospitali kwa herufi ndogo. Yeye aanze kusoma na hizo ndogo.

Tuchukue mfano wa kaya inayochagua kati ya kadi mbili. Ya kwanza ni Sh. 300,000 kwa mwaka, na hospitali yake ya karibu iko Dar es Salaam. Ya pili ni Sh. 390,000, na inapokelewa Bagamoyo mjini. Tuseme kaya hiyo huenda hospitali mara nane kwa mwaka, mgonjwa pamoja na msindikizaji. Nauli ya wawili kwenda na kurudi Dar es Salaam ikiwa Sh. 20,000, jumla ni Sh. 160,000. Ya Bagamoyo ikiwa Sh. 6,000, jumla ni Sh. 48,000. Kadi "rahisi" imefika Sh. 460,000, na ile "ghali" imeishia Sh. 438,000.

Hapo hatujahesabu siku zilizopotea. Shamba la mwani hufanyiwa kazi maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi. Mama aliyeshinda mjini na mtoto mgonjwa siku za bamvua atasubiri karibu wiki mbili kabla ya kufunga mbegu au kuvuna tena.

Mnunuzi apime pia bima ya umma. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zake zilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Pwani hiyo ni Tumbi, Kibaha, Muhimbili haikuwemo. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni moja: kadi yako inaniongezea nini juu ya ile ya umma? Kama jibu ni chumba cha peke yako katika hospitali ya Dar es Salaam, mnunuzi ajue kwamba hicho ndicho anachokilipia.

Orodha ya hospitali nayo si ya milele. Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya. Wenye kadi walikuwa wamekwisha kulipa. Aliyetegemea hospitali moja tu ndiye aliyeumia zaidi, na mwanakijiji kwa kawaida hutegemea moja.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi apige simu au afike mwenyewe katika hospitali iliyotajwa, aulize kama kadi inapokelewa leo. Aulize muda wa kusubiri kabla ya mafao kuanza, hasa ya uzazi, na kama maradhi aliyonayo tayari yanalipiwa. Atake kujua matibabu ya kwenda na kurudi yana ukomo gani, mbali na yale ya kulazwa. Ahakikishe kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

La mwisho ni namna ya kulipa. Fedha ya mwani huja kwa mafungu, kila mavuno yanapopimwa kilo, lakini ada nyingi hutakiwa yote kwa mara moja. Kikundi kilichoandikishwa kina nguvu zaidi ya kupatana kuliko mtu mmoja: kiombe awamu zinazofuata mavuno, na kiombe hospitali ya Bagamoyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo ya wakala haitamsaidia mgonjwa dirishani.