Wikendi Addis Ababa: Entoto iwe ya mwisho

Marafiki wanaotoka Dar es Salaam Ijumaa kwenda Addis Ababa na kurudi Jumapili hutaka kuona kila kitu ndani ya siku mbili. Kikwazo si muda tu. Dar ipo usawa wa bahari, wakati Addis Ababa ipo zaidi ya mita 2,300 juu, na kilele cha Entoto kinapita mita 3,000.

Huko hewa ni nyepesi na oksijeni ni pungufu. Saa chache baada ya kufika, baadhi ya watu huumwa kichwa, huhisi kichefuchefu, hukosa usingizi au huhema wanapopanda ngazi. Wengi hudhani ni uchovu wa safari.

Hivyo, Jumamosi anzeni na Makumbusho ya Taifa, yanakohifadhiwa masalia ya Lucy yenye umri wa takriban miaka milioni 3.2, kisha kanisa kuu alikozikwa Haile Selassie. Entoto iwe Jumapili. Usiku wa kwanza acheni pombe.

Mwenye selimundu, yaani siko seli, amwone daktari kabla ya kukata tiketi, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali. Vivyo hivyo mjamzito na mwenye tatizo la moyo au mapafu. Asifiche kwa kuogopa kuwaharibia wenzake safari.

Rafiki akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa, msimwache hotelini apumzike. Mpelekeni hospitali mara moja.