Maneno Madogo ya Kiingereza Yanayobeba Amri



Wakulima wa kahawa wa Mbinga hununua dawa za kunyunyizia. Wavuvi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi hununua injini za boti. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Lakini vitu vingi vya viwandani bado huja na maelezo ya Kiingereza.

Wengi wetu tunayatambua maneno makubwa, kama "water", yaani maji, na "wind", yaani upepo. Maneno madogo ya katikati tunayaruka. Kumbe hayo ndiyo yanayobeba amri! Huitwa viunganishi. Tusione aibu kujifunza vya wageni, maana hata "lakini" na "au" tulivipata kutoka Kiarabu. Haya, tuanze.

1. AND na OR

"Wear gloves and a mask." Maana yake: Vaa glavu na barakoa. Ni vyote viwili. Kama ingeandikwa "or", yaani "au", kimoja kingetosha. Mtu akichanganya hapo, sumu itamwingia mwilini.

Sasa angalieni. "Na" yetu ina kazi nyingi, na Kiingereza huzigawa:
- Juma na Asha wanachuma kahawa. Hapa ni "and".
- Juma anachuma kahawa na Asha. Hapa ni "with", yaani pamoja naye.
- Kahawa imeharibiwa na wadudu. Hapa ni "by".
"With" na "by" si viunganishi. Basi, tusiweke "and" kila tunapoona "na".

2. BUT na ALTHOUGH

"But" ni lakini. "Although" ni ingawa. Kwa Kiswahili twaweza kusema: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda shamba." Kiingereza hukataa kuyaweka mawili pamoja. Chagua moja tu:
"Although it rained, we went to the farm."
"It rained, but we went to the farm."

3. IF na WHEN

"Do not spray if it is windy." Yaani, usinyunyize dawa upepo ukivuma. Je, neno "if" liko wapi katika Kiswahili hicho? Limejificha ndani ya kitenzi. Ni ile "ki" ya "ukivuma". Kiingereza hakina "ki" hiyo, hivyo huweka neno zima.

Tena, tukisema "Baba akirudi", pengine tuna hakika atarudi, pengine hatuna. Kiingereza hutenganisha. Kama una hakika, sema "when". Kama huna hakika, sema "if".

4. UNLESS

Neno hili ndilo la hatari kuliko yote. "Do not go on the lake unless you have a life jacket." Maana yake: Usiende ziwani kama huna boya la kuvaa. "Unless" tayari ina "si" ndani yake. Ukiongeza "not" mbele yake, amri inageuka. Itakuwa kama kusema: mwenye boya asiende, asiye na boya aende!

5. UNTIL

"Do not pick until 14 days after spraying." Yaani, usichume mpaka zipite siku 14 baada ya kunyunyiza. Idadi ya siku hutofautiana kwa kila dawa, hivyo soma karatasi ya dawa yako mwenyewe. Atakayeliruka neno "until" aweza kudhani achume ndani ya siku hizo 14, na dawa bado iko kwenye matunda.

Tufanyeje basi? Chukua penseli. Kabla ya kufungua chupa, zungushia duara kila kiunganishi unachokiona. Kisha uliza: ni vyote au kimoja? Ni lini? Kwa sharti gani? Ukikwama, mpelekee bwana shamba au bibi shamba. Kuuliza si ujinga.

ZOEZI
Jaza neno moja: and, unless, until.
(a) Wash your hands ___ face.
(b) Wait ___ the engine is cold.
(c) Do not drink this water ___ you boil it.

Majibu: (a) and (b) until (c) unless.