Ugalla au Kwihara: hesabu ya lita na majira

Ndugu wanaokuja Tabora likizo huniuliza swali moja: wana akiba kidogo na simu yenye kamera nzuri, waende wapi wakalione pori? Nami kabla ya kujibu huwauliza wanakuja mwezi gani. Bei ya mafuta hupanda na kushuka, kwa hiyo hapa nitahesabu kwa lita.

Ugalla lilikuwa pori la akiba hadi mwaka 2019, lilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kutoka mjini, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, na huko mwishoni ni vumbi na mashimo. Gari la kuhimili njia hiyo hula lita 1 kwa kilomita 6 hivi. Ukijumlisha na mizunguko ya ndani, tenga lita 45. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba lita 22 na nusu. Mkiwa sita, saba na nusu tu. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo ya kile anachotozwa mgeni kwa dola, na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Kinachomaliza fedha ni gari. Lisipojaa, ahirisheni.

Ila msiahirishe hadi mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili njia hugeuka tope, na fedha yenu itaishia kwenye kusukuma gari. Nendeni Ugalla kati ya Agosti na Oktoba, mto unapokatika na kubaki madimbwi. Viboko na mamba hubanana humo, na huhitaji lenzi ya bei mbaya kuwapata. Vaeni kaki, maana bluu na nyeusi huwaita mbung'o, na mbung'o wa Ugalla hawana huruma.

Asiye na watu wa kujaza gari asisikitike. Kwihara iko kilomita chache tu nje ya mji, na wenye baiskeli huenda bila kuchoma hata tone. Ukipanda bodaboda, elewaneni mapema kama atakusubiri, kwani kurudi ndiko kunakogharimu. Huko kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo mwezi Machi, naye akaondoka Agosti. Kuna pia miembe, mti ulioletwa bara na misafara iliyotoka pwani ikielekea Ujiji. Kivuli chake ni kizito kiasi kwamba saa 7 mchana, jua linapochoma kila picha, chini yake bado unapata sura ya mtu bila macho kukunjamana.

Lakini mimi huenda Kwihara kwa ajili ya miombo. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya tone la kwanza la mvua, mitundu huchipua majani mekundu. Shika tawi uangalie: jani jipya linaning'inia laini kama kitambaa kilichotoka majini, rangi ya shaba, na mishipa yake inaonekana yote jua likiwa nyuma yake. Fika saa 12 na nusu asubuhi, piga picha ukilielekea jua. Siku kumi na ushee baadaye jani hilo ni la kijani kama mengine. Ndiyo maana naona Septemba ya Kwihara inaishinda Ugalla ya Januari, tena kwa sehemu ndogo sana ya gharama.

Bwawa la Igombe, lililounywesha mji miaka mingi, ni la wapenda ndege; kwa baiskeli tenga asubuhi nzima. Julai na Agosti moshi wa mioto ya nyika hufifisha ng'ambo ya maji, ila machweo huwa mekundu kweli.

Kama ipo fedha iliyobaki, usinunue vile vilenzi vya kubana kwenye simu. Nimevitumia viwili, na vyote vilitia ukungu pembeni mwa picha. Nunua darubini ya mkono, hata iliyotumika, ya kukuza mara 8. Utaitazamia korongo mchana kutwa, na ukitaka picha, weka jicho la simu kwenye kioo cha darubini, uegemeze mkono kwenye shina la mti, ubane pumzi. Novemba, mvua zikishanyesha, iache begani ukanunue uyoga kwa akina mama wa barabarani, wakiwa wameupanga kwenye mabeseni, ukiwa bado na udongo.