Kampuni ikikua na kubadili sura, mteja atamtambuaje?

Mkaaji wa Goma au Bukavu aliyenunua laini ya Celtel mwanzoni mwa miaka ya 2000, na anayeitumia mpaka leo, amepitia majina matatu bila kubadili namba. Celtel ilianza kazi DRC mwaka wa 2000. Mwaka wa 2008 mabango yaligeuka kuwa Zain, kwani kampuni ya Kuwait iliyokuwa imeinunua ilitaka jina moja katika nchi zote. Miaka miwili baadaye, Bharti Airtel ya India ilinunua mitandao ya Zain barani Afrika kwa dola bilioni 10,7, na rangi nyekundu ikachukua nafasi.

Kilichomfanya mteja asipotee ni namba yake ya 099. Nembo ilikwenda, namba ikabaki.

Benki ya BCDC ilifuata njia nyingine. Ilizaliwa mwaka wa 1909 kama Banque du Congo Belge, ikaitwa Banque Commerciale Zaïroise nchi ilipogeuka Zaïre, kisha ikachukua jina la BCDC. Equity ya Kenya ilipoiunganisha na benki yake ya Kongo mwishoni mwa mwaka wa 2020, haikufuta herufi hizo nne: Equity BCDC. Jina refu kidogo, ni kweli, lakini mwenye akiba ya miaka mingi aliona kwamba pesa zake hazikuhama.

Swali hilo haliko kwa wakubwa peke yao. Shirika la wakulima wa kahawa au chama cha akina mama huanza na nembo iliyochorwa haraka na kijana wa mtaa, yenye mlima, jembe, mikono na maandishi mengi. Likipata ofisi ya pili na wanunuzi wa ng'ambo, nembo ile haisomeki tena kwenye muhuri wala kwenye simu ndogo. Kuipunguza ni sawa. Kuitupa yote, pamoja na rangi ambayo wanachama wanaitambua kwa mbali, ni jambo lingine.

Kwa upande wa tovuti, hatari ni kubwa zaidi. Picha nzito zinamaliza megabaiti za mgeni kabla hajasoma neno. Anwani ya zamani ikizimwa siku moja na mpya kuwashwa kimyakimya, matapeli wanapata nafasi: ukurasa wa uongo wenye nembo ya jana unaonekana wa kweli kuliko ule mpya. Kwa hiyo anwani ya zamani inapaswa kumpeleka msomaji kwenye mpya, na tangazo litolewe mapema, hata redioni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashirika mengi yanasahau. Anwani ya tovuti hulipiwa kila mwaka, na mara nyingi imeandikwa kwa jina la kijana aliyeitengeneza. Akihamia Kampala na nywila yake, shirika halina mlango. Kabla ya kulipa mchoraji wa nembo mpya, kamati iulize kwanza: anwani hii iko kwa jina la nani?