Je, Wajua? Jicho Limetolewa, Machozi Yamebaki

Je, wajua kwamba mtu aliyetolewa jicho bado hulia pande zote mbili? Tezi ya machozi imejificha juu ya jicho, upande wa sikio, na kwa kawaida daktari huiacha.

Je, wajua kwamba ndani hapabaki pango? Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi. Likitoka, mara nyingi huwekwa tufe dogo, likafunikwa kwa misuli na utando. Bandeji ikifunguliwa utaona wekundu laini kama wa ndani ya shavu. Mama, baba, mtazameni mgonjwa wenu bila kukunja uso. Anasoma nyuso zenu kabla hajaomba kioo.

Je, wajua kazi ya kile kiganda cha plastiki nyuma ya kope? Hushikilia nafasi ya jicho la bandia, ambalo aghalabu hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kikidondoka usitaharuki: nawa mikono, kioshe kwa sabuni na maji safi, kirudishe kama ulivyofundishwa. Ukishindwa, kifunge kwenye kitambaa safi uende nacho kliniki.

Ndoo kichwani, jembe na moshi wa mafigani visubiri kwanza.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, homa, damu isiyokatika: hospitali siku hiyohiyo. Na kwa watu wa Kidete nina neno la ziada. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na Kidete iko katikati hapo. Mvua zikikolea, panga safari ya kliniki mapema, usingoje siku ya miadi.

Je, wajua kwamba wengine huona mianga upande usio na jicho? Ni ubongo unaoendelea na kazi yake. Hakuna aliyerogwa.

Je, wajua namna ya kumimina chai kwa jicho moja? Umbali hupotea miezi ya mwanzo, basi gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe ndipo umimine. Mjukuu akija upande usioona, aseme kwanza: "Babu, niko hapa."

Je, wajua kwamba weupe unaong'aa kwenye mboni ya mtoto, kama jicho la paka usiku, huweza kuwa saratani? Huwapata zaidi walio chini ya miaka 5, na kulitoa jicho huokoa maisha. Huweza pia kurithiwa, kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani na bandeji, wadogo zake nao wapelekwe wakapimwe.