Shija: Jina la Mtoto Afuataye Pacha

Utangulizi

Majina ya watu ni sehemu ya msamiati wa lugha, ila yana tabia yake ya pekee. Neno la kawaida hutaja aina ya vitu au viumbe. Jina la mtu humtaja mtu mmoja. Hata hivyo, yako majina ambayo humtaja mtu mmoja kwa kueleza habari za watu wengine. Mfano ulio wazi ni Shija, jina lisikikalo Chato, Geita, Shinyanga na kwingineko waliko Wasukuma na Wanyamwezi, lakini ambalo ni adimu kwa wenyeji wa pwani. Makala hii inaeleza maana ya jina hilo, nafasi yake miongoni mwa majina ya majirani, na habari inayohifadhiwa ndani yake.

Maana na uchache wake

Kwa desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata huitwa Doto, na mtoto azaliwaye baada ya pacha hao huitwa Shija. Jina hili hupewa wavulana, na wasichana pia. Mzazi halichagui kwa kulipenda. Hulipokea kutokana na mpangilio wa uzazi. Hapo ndipo lilipo chimbuko la uchache wake. Barani Afrika, kwa wastani, takriban uzazi 17 katika kila 1,000 ni wa pacha. Ili Shija apatikane, sharti mama aliyejaliwa uzazi huo ajaliwe tena mtoto mwingine. Kwa hiyo uchache wa akina Shija si dalili ya jina kupitwa na wakati. Umo katika maumbile yenyewe.

Chato, njia panda ya majina

Chato ni mahali pazuri pa kulitazamia jina hili. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Biharamulo, ikawa katika Mkoa wa Kagera, kisha ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Humo Wasukuma wanaishi pamoja na Wazinza, Wasubi na Wahaya. Kwa Wahaya, pacha wa kiume huitwa Ishengoma na Kato. Ng'ambo ya ziwa, Waganda huwaita pacha wa kiume Wasswa na Kato, na mtoto awafuataye humwita Kizza. Wajaluo husema Opiyo na Odongo, kisha Okello. Jina hilo la Okello lina maana ileile kwa Walango wa Uganda, alikotoka John Okello aliyejulikana katika Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mbali zaidi, Wayoruba wa Nigeria humwita mtoto huyo Idowu.

Kiganda na Kisukuma ni lugha za Kibantu. Kijaluo si ya Kibantu, na Kiyoruba kiko mbali nazo zote. Maneno yanatofautiana, lakini nafasi ni ileile. Jamii hizi zote ziliona kwamba uzazi wa pacha haukomi kwa pacha wenyewe, bali unamgusa hata anayewafuata.

Kwa nini Shija hakusafiri

Kulwa na Doto wamevuka mipaka ya Kisukuma. Kamusi za Kiswahili zimeyasajili maneno kurwa na doto, la kwanza likiwa limebadili sauti /l/ kuwa /r/, na wasemaji huyatumia hata kwa mambo mawili yanayofanana au yasiyotengana. Shija hakupata bahati hiyo. Sababu yaweza kuelezwa kisemantiki: Kurwa na Doto huzaa sitiari ya mfanano, na sitiari ya namna hiyo huhitaji wawili. Shija hana wa kufanana naye. Maana yake ni kufuata. Lugha ilichukua jozi, ikamwacha wa tatu nyumbani.

Kutoka jina la mtoto hadi jina la ukoo

Hata hivyo, jina lilijulikana kwa njia nyingine. Dkt. William Shija, aliyekuwa Mbunge wa Sengerema na waziri, alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola tangu mwaka 2007 hadi alipofariki mwaka 2014. Mfano huo unaonyesha badiliko muhimu. Katika fomu za shule na vyeti vya kuzaliwa, jina la baba au la babu huwa jina la mwisho la mtoto. Hivyo watu wengi wanaoitwa Shija leo hawakufuata pacha wowote. Wamerithi habari ya uzazi wa bibi au wa mama wa babu yao. Mtafiti asiyetenganisha jina la kuzaliwa na jina la ukoo atahesabu pacha wasiokuwapo.

Habari inayohifadhiwa

Thamani ya jina hili haiishii katika isimu. Takwimu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba karibu pacha mmoja katika kila watano alifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, kiwango kilichokuwa takriban mara tatu ya kile cha watoto waliozaliwa peke yao. Pacha wengi huzaliwa kabla ya wakati na wakiwa na uzito mdogo. Maana yake ni kwamba katika nyumba kadhaa Kulwa na Doto hawapo tena, wala hawakuandikwa popote, naye Shija yupo. Kila anapoitwa, nduguze wanatajwa pamoja naye bila kutamkwa.

Hitimisho

Shija ni jina fupi, lakini ndani yake mna hesabu ya watoto watatu na historia ya mama mmoja. Walimu, makarani na wauguzi wanaoandikisha watoto wakiuliza, pamoja na tahajia ya jina, sababu ya kutolewa kwake, watakuwa wamehifadhi kumbukumbu ambayo safu za fomu hazina nafasi ya kuiandika.