Mateka wa Vita: Neno na Sheria Yake

Neno mateka latokana na kitenzi teka, yaani kutwaa kwa nguvu vitani, na katika matumizi ya zamani halikubagua baina ya mtu na kitu. Ng'ombe, pembe, vyombo na watu waliochukuliwa mji ulipovunjwa, vyote vilikuwa mateka, na vyote vilikuwa mali ya aliyeviteka. Yeye aliweza kuuza, kutumikisha, kukomboza kwa fedha, ama kuua. Desturi hii haikuwa ya Waswahili peke yao. Katika Ulaya ya zamani vilevile, mtu wa cheo aliyekamatwa vitani alikuwa kama amana ya fedha mikononi mwa aliyemkamata, mpaka jamaa zake walipomkomboa.

Sheria mpya ilianza kwa kumtenga mtu na nyara. Kanuni zilizowekwa The Hague mwaka wa 1899, zikatengenezwa tena mwaka wa 1907, zilisema katika kifungu cha 4 kwamba mateka yumo katika mamlaka ya serikali ya adui, wala si ya askari au kikosi kilichomkamata. Na kwamba vitu vyake mwenyewe, isipokuwa silaha, farasi na karatasi za kijeshi, hubaki kuwa mali yake. Neno hili la mwisho laonekana dogo, nalo ndilo lenye uzito: mwenye haki ya kumiliki hawezi tena kuhesabiwa miongoni mwa vitu vimilikiwavyo. Mkataba wa Geneva wa mwaka wa 1929 ukaongeza maagizo ya chakula, barua, kazi na adhabu.

Jinsi mkataba huo ulivyotenda kazi yaonekana katika habari za Waitalia walioshindwa Uhabeshi mwaka wa 1941, ambao maelfu kwa maelfu yao waliletwa Kenya. Wengine walifanyishwa kazi, na mikono yao ndiyo iliyoijenga barabara iteremkayo Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, pamoja na kanisa dogo la mwaka wa 1942 lililo kando yake. Maofisa hawakuweza kulazimishwa kazi, nao waliteseka kwa kukaa bure. Mmoja wa waliochoshwa na hali hiyo katika kambi ya Nanyuki alikuwa Felice Benuzzi. Januari 1943 yeye na wenziwe wawili walitoroka, si kwa kutaka kurudi kwao, bali kwa kutaka kuupanda Mlima Kenya. Vifaa vya kushikia barafu walivifua kwa vyuma vikuukuu, na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama ikawafaa badala ya ramani. Benuzzi na mmoja wa wenziwe walitweka bendera ya Italia juu ya kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7. Kisa hiki husimuliwa kwa kuchekesha, lakini mna sheria ndani yake: kwa mkataba wa 1929, kutoroka hakukuwa jinai, na adhabu yake haikuweza kupita siku 30. Siku zile 28 zilipatana na mkataba; kuzishusha hadi 7 kulikuwa uungwana.

Mkataba ulikuwa na pengo lake. Uliagiza mateka warudishwe baada ya amani kufungwa, na amani hukawia. Italia iliacha kupigana na Uingereza Septemba 1943, na bado wengi wa watu wake walikuwa kambini mwaka wa 1946. Ndiyo sababu Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka wa 1949, katika kifungu cha 118, waagiza warudishwe bila kukawia mara mapigano yenyewe yakomapo.

Pengo jingine lilikuwa baya zaidi. Urusi ya Kisovieti haikuwa imeutia sahihi mkataba wa 1929, na Wajerumani wakafanya hilo kuwa udhuru. Katika askari wake kadiri ya milioni 5.7 walioanguka mikononi mwao, zaidi ya milioni 3 walikufa, wengi kwa njaa, baridi na maradhi.

Lakini udhuru mwepesi kuliko wote ni kukataa jina lenyewe. Kenya, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, serikali ya kikoloni ilitumia ndege za kutupa mabomu na vikosi vya askari kutoka Uingereza, na bado haikukiri kwamba kuna vita. Palikuwa na Hali ya Hatari tu. Kwa hiyo waliokamatwa msituni hawakuwa mateka. Walikuwa wahalifu, na zaidi ya 1,000 walinyongwa. Ama walikuwa mahabusu waliowekwa kambini bila hukumu, na 11 kati yao walipigwa hadi kufa kule Hola Machi 1959. Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, alishtakiwa kwa kosa la kuwa na bastola, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Februari 1957. Mji huohuo wa Nyeri ndiko alikozikwa Duke wa Aosta, jemadari wa Waitalia, aliyefariki Nairobi mwaka wa 1942 akiwa mateka. Ilikuwa mwaka wa 1977 ndipo Itifaki ya Kwanza ya Geneva ilipovihesabu vita vya kupigania kujitawala dhidi ya ukoloni kuwa vita baina ya mataifa. Uingereza iliiridhia mwaka wa 1998.

Haya yamhusu pia mwenye kufasiri. Mfungwa wa vita, ijapokuwa husemwa sana, huleta harufu ya hatia, kwa maana mfungwa kwa kawaida ni mtu aliyehukumiwa, na mateka hakufanya kosa kwa kupigana. Mateka peke yake nayo haitoshi, kwani magazeti hulitumia pia kwa raia aliyeshikwa na majambazi au waasi ili kitu fulani kitolewe. Huyo wa pili mikataba ya 1949 yakataza kabisa asishikwe. Huyo wa kwanza yaruhusu ashikwe, kisha yaeleza atunzwe vipi. Kamusi na ziwatenge: mateka wa vita kwa askari, na mtu aliyeshikwa rehani kwa yule mwingine.